Samaki wa kikaango na mchuzi wa krimu: ngozi imebaki chini, mchuzi umekatika. Nilikosea wapi?

OmeraMamboleo · Jumapili, saa 3:40 usiku

Watu wangu, naomba msinicheke kwanza. Mtanicheka mkimaliza kusoma.

Jana ilikuwa miaka sita tangu tufunge ndoa. Mama watoto alikuwa kazini hadi jioni, nikasema leo hakuna samaki mzima na nyanya, leo napika kama wale wa kwenye video: mnofu wa samaki, ngozi imekauka inalia kwa jino, mchuzi mweupe mzito umezungushwa chini yake. Nikashuka ufuoni Dunga asubuhi, nikachagua ngege (tilapia) wawili wa saizi ya sahani, nikamwomba mama muuzaji anitolee minofu. Aliniangalia kama mtu aliyenunua baiskeli halafu akaomba apewe kengele tu. Lakini alinitolea, na ngozi akaiacha.

Nyumbani nikaosha na ndimu na chumvi, nikaiacha kwenye bakuli na maji yake. Nikaweka kikaango, mafuta kijiko kimoja, nikawasha gesi na kuweka samaki papo hapo. Baada ya dakika moja nikajaribu kugeuza. Ngozi ikabaki chini, nyama ikaja na mwiko. Mnofu wa pili ukakatika vipande vitatu. Nikajiambia si neno, mchuzi utafunika aibu. Krimu sikuwa nayo, nikamimina pakiti ya maziwa kwenye kikaango hicho hicho, nikakamulia ndimu nzima, nikaongeza moto ili uwe mzito. Nikapata maji ya kijivu na mabonge meupe yanaogelea.

Mama watoto alifika, akafunua kifuniko, akanyamaza kidogo, akauliza: "Hii ni samaki ama ni uji umeharibika?" Tulikula chapati na chai.

Nataka kurudia Jumamosi ijayo. Nilikosea wapi? Na mtu asiniambie "kila mahali".

Sharubu_Kondele · Jumapili, saa 3:52 usiku

Kila mahali.

Sharubu_Kondele · Jumapili, saa 3:55 usiku

Sawa, nieleze. Kosa la kwanza ni kumtenganisha samaki na kichwa chake. Samaki anakaangwa mzima, anaangalia mlaji, anawekewa nyanya, kitunguu na dania, kando kuon (ugali) moto. Hayo maziwa ni mambo ya wazungu. Ulimkosea heshima samaki, naye akakulipa.

KaziBure254 · Jumapili, saa 4:10 usiku

"Ama ni uji umeharibika" 😂😂 Huyo mke umeoa vizuri, asikuponyoke. Nafuatilia uzi.

MamaUfuoni · Jumatatu, saa 12:25 asubuhi

Mwanangu OmeraMamboleo, usiwasikilize hawa. Mimi nimekaanga samaki miaka mingi, enzi za vibanda vya Lwang'ni, mafuta yakiwa kwenye karai kuanzia asubuhi hadi magari yanayooshwa ufuoni yaishe. Ngoja nikwambie jambo moja ambalo wapishi wa video hawakwambii kwa sababu kwao linaonekana la kijinga: adui yako ni maji.

Samaki akiingia kikaangoni na maji, yale mafuta yanaacha kazi ya kukaanga yanaanza kazi ya kuchemsha. Joto lote linakwenda kukausha maji kwanza. Wakati huo nyama inashikana na chuma kama gundi. Wewe uliosha, ukaloweka, ukachukua akiwa anatiririka, ukamweka kwenye kikaango baridi. Hata mimi na miaka yangu yote ningepata uji.

Sasa fanya hivi. Ukishamwosha, mfute. Sisemi kumpangusa, nasema mfute kwa kitambaa safi kikavu au tishu za jikoni, juu na chini, mpaka tishu itoke kavu. Halafu shika kisu, kwa mgongo wake ukwangue ile ngozi taratibu kutoka kichwani kwenda mkiani. Utashangaa maji yanayotoka, na magamba madogo yaliyosahauliwa. Futa tena. Nyunyiza chumvi, mwache dakika kumi au kumi na tano, chumvi itavuta maji mengine juu. Futa tena. Ndiyo, mara tatu. Ukiwa na muda mwache kwenye friji saa moja bila kumfunika, ngozi ikaukie huko.

Kikaango kipate moto kwanza, halafu mafuta. Kijiko kimoja hakitoshi, weka viwili au vitatu, sakafu yote ing'ae. Kujua kama moto umefika, kabla hujatia mafuta dondosha tone la maji. Likichemka na kutoweka, bado. Likiviringika kama shanga, tayari. Litoke lote kwanza ndipo utie mafuta, nisije nikasikia umeungua uso.

Weka mnofu ngozi ikiwa chini, uulaze ukielekea upande wa mbali nawe ili mafuta yasikurukie. Utaona unajikunja kama jani kavu. Ukandamize kwa mwiko bapa, hesabu mpaka thelathini, kisha uachilie. NA USIGUSE. Hapo ndipo vijana wote mnaharibu. Mnachokonoa. Samaki akiwa tayari anaachia mwenyewe. Ukijaribu kumwinua akakataa, amekwambia bado, mheshimu.

OmeraMamboleo · Jumatatu, saa 1:05 asubuhi

Mama, asante sana. Kwa hiyo dakika moja yangu ilikuwa ni uchokozi tu. Ngozi inachukua dakika ngapi kwa ngege?

MamaUfuoni · Jumatatu, saa 1:20 asubuhi

Minofu ya ngege ni myembamba. Dakika tatu hadi nne upande wa ngozi, moto wa wastani baada ya ule wa kwanza mkali. Angalia pembeni: nyama inabadilika rangi kutoka kioo kwenda nyeupe, inapanda. Weupe ukifika karibu na juu, geuza, nusu dakika hadi dakika moja, toa. Kazi kubwa inafanywa na upande wa ngozi.

Na paka unga kidogo wa ngano upande wa ngozi kabla ya kukaanga, upukute. Unasaidia.

Mpishi_wa_Zamani · Jumatatu, saa 4:30 asubuhi

MamaUfuoni ameeleza vizuri kuliko walimu wangu walionifundisha kwa kupayuka. Natofautiana naye kwenye unga tu. Ngozi iliyofutwa vizuri haihitaji unga. Unga unakunywa mafuta na ukikutana na mchuzi unakuwa ute. Unga uwekee mbuta (sangara), kwa sababu minofu ya mbuta inayouzwa mingi imeshachunwa ngozi, haina kinga.

Nimefanya kazi jikoni kwenye hoteli mbili hapa Kisumu na moja Nakuru, kwa hiyo mimi niachieni mchuzi.

Omera, maziwa yako hayakukatika kwa bahati mbaya. Ulifanya karibu kila kinachotakiwa kutengeneza jibini. Protini kuu ya maziwa inaitwa kaseini. Inaelea kwenye maziwa kwa utulivu mpaka asidi iongezeke. pH (kipimo cha asidi) ikikaribia 4.6 inaanza kushikana mabonge. Joto likiwa kali, inashikana hata mapema kuliko hapo. Ndimu nzima, maziwa ya pakiti, moto juu. Ungeyachuja kwa kitambaa ungepata kitu cha kupaka mkate.

Krimu inavumilia kwa sababu ya mafuta. Maziwa ya kawaida yana mafuta asilimia 3 hadi 4. Krimu nzito ina asilimia 35 au zaidi. Mafuta mengi, protini kidogo, hakuna cha kukatika sana. Ndiyo maana krimu unaweza kuichemsha ikapungua na kuwa nzito yenyewe, lakini maziwa ukiyachemsha hivyo hayawi mchuzi, yanakuwa maziwa yaliyoungua.

Utaratibu wangu, watu wawili: samaki akishatoka, mwage mafuta ya kukaangia, bakiza kama kijiko. Usioshe kikaango. Ile rangi ya kahawia iliyoshika chini ndiyo ladha unayoitafuta (kama ni nyeusi, hapo osha, imeungua). Punguza moto, tia kijiko cha siagi, kitunguu kidogo kilichokatwa laini kabisa, kiive bila kubadilika rangi. Punje mbili za kitunguu saumu, sekunde chache tu. Halafu robo kikombe cha supu ya samaki au maji, kwangua chini kwa mwiko wa mbao mpaka kila kitu kiachie. Iache ipungue nusu. Ndipo krimu, mililita 200 hivi, moto mdogo, ichemke taratibu dakika tatu au nne. Chovya kijiko, pitisha kidole mgongoni mwake: njia ikibaki bila kufunikwa, mchuzi uko tayari. Chumvi mwishoni, kwa sababu ukipungua chumvi inaongezeka makali.

Ndimu? Zima moto kwanza. Nusu ndimu, koroga, onja.

Halafu jambo ambalo nimeona watu wazima wakiharibu: mchuzi unakwenda CHINI ya samaki, au pembeni. Umetumia nusu saa kukausha ngozi halafu unaimwagia maji juu?

Sharubu_Kondele · Jumatatu, saa 5:02 asubuhi

pH ya samaki. Mungu wangu. Dani (bibi) yangu alipika samaki miaka sabini bila pH.

NyarAlego · Jumatatu, saa 7:48 mchana

Sharubu, omera (ndugu), dani yako alikuwa na pH, ila hakuwa na jina lake.

Umesema maziwa na samaki ni mambo ya wazungu. Nikuulize, hujawahi kula obambla? Samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi, akakaushwa juani mpaka akawa kama ubao. Kwetu Alego dani alikuwa anamloweka kwanza, anamchemsha mpaka alainike, anakaanga nyanya na kitunguu mpaka nyanya ipotee kabisa, anamrudisha samaki, halafu mwisho kabisa anaongeza maziwa au ile krimu ya juu aliyoikusanya siku mbili tatu. Akishaitia anavuta kuni, anabakiza makaa mawili. Ukisogeza kuni unapigwa na mwiko. "Isichemke!" Nilikuwa nadhani ni ukali tu. Leo namsoma Mpishi_wa_Zamani naona kumbe dani alikuwa anazuia kaseini isishikane.

Na nyanya zilikuwa lazima ziive sana kabla ya maziwa. Tukiharakisha, mchuzi unakatika, tunaitwa majina.

Mboga zetu pia, osuga (mnavu), apoth (mrenda), zote zinalala na maziwa. Waluhya nao wanafanya hivyo kwa tsisaga (mgagani) na likhubi (kunde). Kwa hiyo kitu pekee cha kigeni kwenye chakula cha Omera ni kikaango na zile sahani za video.

Tena ukianza habari za ugeni, huyo mbuta unayemtetea kila wiki kwenye nyuzi zingine ni mgeni ziwani. Aliingizwa miaka ya 1950, akamaliza wengi wa fulu wetu (samaki wadogo wa asili). Hata unayemwita ngege, mara nyingi ni nyamami (tilapia wa Nile), naye aliletwa. Ngege wa asili ukimtaka njoo kwetu ziwa Kanyaboli, huko bado yuko.

Sharubu_Kondele · Jumatatu, saa 8:15 mchana

Obambla ni kitu kingine. Obambla ana kichwa.

KaziBure254 · Jumatatu, saa 8:17 mchana

😂😂😂 Mzee haachi kichwa.

WaLanet · Jumatatu, saa 2:30 usiku

Salamu kutoka Nakuru. Sisi wa huku tunasoma habari za Dunga kwa wivu. Samaki wanaonifikia ni wa barafu, au wa Naivasha kama nimewahi sokoni. Maswali yangu:

Wa barafu anaweza kupikwa hivi? Maana nikimweka anatoa maji nusu kikombe.

La pili, nina ng'ombe wawili nyumbani. Naweza kutoa krimu mwenyewe badala ya kununua? Kile kipakiti kidogo cha krimu kina bei ya pakiti kadhaa za maziwa, na maziwa ninayo ya bure.

La tatu, mama mkwe ni Mkalenjin na kuna mursik (maziwa ya mgando ya Wakalenjin) nzuri sana. Nimewaza kuitumia. Mnasemaje?

Mpishi_wa_Zamani · Jumatatu, saa 3:05 usiku

Mursik usiiguse! Kunywa na ugali, mpe mama mkwe shukrani. Imeshachachuka, kaseini imeshashikana. Ukiipasha moto itajitenga maji upande wake, na ladha ya moshi itamfunika samaki. Mala vilevile. Ukilazimika kutumia maziwa ya mgando, zima jiko, acha mchuzi upoe kidogo, koroga ndani na usirudishe motoni.

Krimu ya nyumbani inawezekana kabisa. Chemsha maziwa ya asubuhi, yaache yapoe bila kuyatikisa, yaingie friji usiku kucha kwenye chombo kipana. Asubuhi utakuta utandu mnene juu. Utoe kwa kijiko kipana, weka kwenye kikombe, kusanya siku mbili tatu, si zaidi. Wingi wake unategemea ng'ombe. Friesian anatoa maziwa mengi yenye mafuta machache, Jersey anatoa machache yenye mafuta mengi, karibu asilimia 5. Utandu wa nyumbani una mabonge kidogo, uupige kwa uma kabla ya kuutia.

Wa barafu: usimyeyushe kwa maji moto wala juu ya meza. Mtoe friza jioni, mweke chini kwenye friji juu ya wavu au kijiti, maji yadondoke kwenye sahani. Kesho yake mfute mara nyingi zaidi ya walivyoagizwa wa Kisumu. Hawezi kuwa sawa na wa asubuhi, barafu imeshamchana nyama kwa ndani, lakini atakaangika.

MamaUfuoni · Jumatatu, saa 3:40 usiku

WaLanet, huyo wa Naivasha akiwa ni kamongo wa... hapana, samahani, nilitaka kusema yule kapu, mwenye magamba makubwa. Usimfanyie hivi. Ana vimiiba vidogo vya uma ndani ya nyama ambavyo havitoki na mnofu. Utakula kwa hofu. Huyo mkate mistari ya karibu karibu na mkaange kwenye mafuta mengi, vimiiba vikauke. Chukua tilapia wa Naivasha.

SatoMwanza · Jumanne, saa 2:12 asubuhi

Habari za ng'ambo ya ziwa. Huku Mwanza tunawaita sato na sangara, ila samaki ni wale wale, maji ni yale yale. Naongeza moja: asiye na krimu, tui la kwanza la nazi linafanya kazi nzuri. Nalo lina mafuta mengi, nalo halitaki moto mkali, litajitenga. Weka bizari na pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuka. Halitakuwa na ladha ya krimu lakini hamtalalamika.

Binti_Mumias · Jumanne, saa 7:20 mchana

Mimi swali langu ni la harufu. Mume wangu hataki kabisa shombo. Ndiyo maana tunaloweka ndimu saa nzima. Mkisema tusiloweke, shombo litakwenda wapi?

Mpishi_wa_Zamani · Jumanne, saa 9:00 alasiri

Dada, samaki mbichi wa leo hana shombo la kuhitaji saa nzima. Mwangalie macho, yawe yametokeza na kung'aa. Matamvua mekundu, si kahawia. Ukimbonyeza nyama irudi. Wa hivyo ana harufu ya maji tu.

Kuna ile harufu ya tope, hasa kwa samaki wa bwawani. Hiyo inatokana na kitu kinachoitwa jiosmini, kinatengenezwa na vijidudu vya majini, na ni kweli asidi inakivunja. Ndimu ina kazi, sikatai. Lakini dakika tano zinatosha, suuza, futa. Saa nzima kwenye ndimu, nyama inageuka nyeupe na kuwa chaki kabla hujawasha jiko. Imeiva kwa asidi. Ukiikaanga baada ya hapo inamomonyoka.

NyarAlego · Jumanne, saa 9:25 alasiri

Na mtoe ule utando mweusi wa tumboni jamani. Nusu ya shombo liko hapo.

Sharubu_Kondele · Jumanne, saa 10:10 jioni

Swali la kitaalamu. Huo mchuzi mweupe unaliwa na nini? Maana ugali unahitaji mchuzi unaokimbia kidogo.

WaLanet · Jumanne, saa 1:15 usiku

Viazi! Viazi vya Molo vilivyopondwa na siagi. Au wali.

Binti_Mumias · Jumanne, saa 1:30 usiku

Chapati. Hakuna mjadala.

NyarAlego · Jumanne, saa 1:41 usiku

Kuon ya mtama uliochanganywa na muhogo, ile nyeusi. Uchachu wake na utamu wa krimu vinapendana sana. Na osuga chungu pembeni. Mchuzi wa krimu bila kitu kichungu kando yake unakinaisha kwenye tonge la tano.

OmeraMamboleo · Jumamosi, saa 4:20 usiku

Nimerudi. Keti chini.

Dunga, mama yule yule. Safari hii nilipoomba minofu alisema, "Ni wewe tena?" Nikamwomba na mifupa yake pia, pamoja na vichwa. Nyumbani nikachemsha mifupa ya mmoja na kitunguu na majani ya dania dakika ishirini, nikachuja. Hiyo nilisoma mahali kwamba ukizidisha muda supu inakuwa chungu. Nikapata supu ya kikombe kimoja.

Nikafuta samaki mara nne. Nilipokwangua ngozi kwa mgongo wa kisu, Mama, yalitoka maji ya kijivu kama kijiko kizima! Na nilidhani nimeshafuta. Nikawaacha kwenye friji tangu saa kumi, mtoto akawa anafungua kila dakika anauliza kama samaki anahisi baridi.

Tone la maji lilikataa kuviringika muda mrefu mpaka nikadhani kikaango changu kina tatizo. Ni moto tu ulikuwa mdogo, mtungi wa gesi unaelekea kuisha. Hatimaye likaviringika. Nikaweka mnofu wa kwanza, nikakandamiza nikihesabu kwa sauti, mtoto naye akahesabu, akaruka kutoka kumi na tisa hadi ishirini na tano. Nikaachilia. Nikaweka mikono nyuma kama askari wa lango.

Dakika ya pili nikajaribu kuinua ukingo. Ukakataa. Zamani ningelazimisha. Nikangoja. Dakika ya tatu na kitu nikatikisa kikaango, mnofu mzima UKATEREZA. Peke yake! Nilipiga kelele, jirani akagonga ukuta.

Si vyote vilikwenda sawa. Mnofu wa pili sehemu ya mkia ni nyembamba, ikaiva kupita kiasi, ikawa kavu. Wa tatu niliweka kabla mafuta hayajarudia moto, ukashika kidogo katikati. Huo nilikula mimi.

Mchuzi nilinunua krimu kweli. Supu ya mifupa ndiyo iliyofanya tofauti, kuliko hata krimu. Nilionja kabla na baada, si kitu kimoja. Ndimu nikatia baada ya kuzima, nikakoroga nikiwa nimefumba jicho moja. Haukukatika.

Mama watoto alifika saa mbili kasoro. Akagonga ngozi kwa uma, ikalia. Akaniangalia, akaigonga tena. Hakusema kitu mpaka alipomaliza, halafu akauliza kama kuna mchuzi umebaki kwenye kikaango, akaufuta na kipande cha ugali akiwa amesimama jikoni na viatu vya kazi. NyarAlego, osuga ilikuwepo, ulisema kweli.

Kwao Vihiga walipigiwa simu usiku huo huo. Sasa shemeji wanakuja Krismasi na wanataka "ile samaki ya krimu". Ni watu kumi na mmoja. Kikaango changu kinabeba minofu miwili.

MamaUfuoni · Jumamosi, saa 4:48 usiku

Mwanangu! Nimefurahi kama nimepika mimi.

Mkia mwembamba ukunje chini ya mnofu kabla ya kukaanga, au ukate upike mwisho nusu dakika. Kwa watu kumi na mmoja acha ngege, nunua mbuta, minofu minene. Kata vipande vya saizi moja, kaanga kwa zamu, visubiri juu ya wavu. Usivipange kwenye sahani kimoja juu ya kingine, mvuke utavilainisha. Mchuzi upike kwenye sufuria kubwa kando, mapema.

Mpishi_wa_Zamani · Jumamosi, saa 5:05 usiku

Naunga mkono. Mbuta wa unene wa vidole viwili, dakika nne au tano upande wa kwanza, tatu wa pili, na unga ruksa. Mwenye kipimajoto cha jikoni, Marekani wanashauri nyuzi 63 katikati ya nyama. Asiye nacho achome uma katikati na kuuzungusha: nyama ikiachana kwa matabaka na si kioo tena, toa. Mchuzi wa watu wengi unaweza kuchanganya nusu krimu nusu maziwa ili mfuko usilie, ila uuanze kwa siagi na unga wa ngano, kijiko kimoja kwa kila kikombe cha maziwa. Wanga unazuia maziwa yasikatike.

Sharubu_Kondele · Jumamosi, saa 5:20 usiku

Hongera. Nasema kwa moyo mmoja.

Ila umesema ulichemsha mifupa ya mmoja. Vichwa viwili viko wapi?

OmeraMamboleo · Jumamosi, saa 5:24 usiku

Viko friza. Vyote viwili, vikubwa, matamvua nimeshatoa.

Sharubu_Kondele · Jumamosi, saa 5:25 usiku

Kesho baada ya kanisa nitapita hapo Mamboleo. Nyanya na unga nakuja navyo.

OmeraMamboleo · Jumamosi, saa 5:31 usiku

Mama watoto anasema uje na gesi pia. Imeisha.